Swali Langu kwa Mama wa Vidonda

Hapa Kindu ukikataa mkono wa mtu umemtukana yeye pamoja na waliomzaa. Muuguzi mmoja wa hospitali yetu alikataa mikono ya watu wote. Ukiingia banda la watoto walioungua umenyoosha mkono wa salamu, alificha yake nyuma ya mgongo, akakusalimia kwa kidevu: "Karibu. Maji iko pale, sabuni iko pale. Nawa kwanza. Kupeana mukono tutapeana siku tukikutana kwa soko." Na sokoni kwenyewe hakumpa mtu mkono. Huko alikuwa na haraka ya kununua mayai.

Tulimwita Mama wa Vidonda. Jina la kwenye vyeti alikuwa nalo, lakini hata mkurugenzi wa hospitali alilisahau. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sikuuliza. Hapa kwetu ukimuuliza mtu ukoo wake, jipange kukaa mpaka jioni. Nilifua bandeji zake miaka kumi na sita, na habari zake za nyumbani nilizozijua ni mbili tu: alipenda mchele wa Kibombo kuliko mchele wowote, na hakujua kuogelea.

Siku hizi nimemkumbuka mno, na sioni aibu kusema. Lakini sitaki nimsifie mtu huku nimeficha jambo langu. Mwanangu wa kwanza, Feza, alikufa katika banda lile wakati wa vita. Alikuwa na miaka miwili, na aliyemhudumia ni Mama wa Vidonda. Siku chache kabla hajafa, mimi mama yake nilitia kitu chini ya bandeji yake kwa siri. Mama wa Vidonda alikiona, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo miaka yote ile niliyofua pale nilikuwa na swali moja limenikaa kooni: je, ni mkono wangu uliomuua mwanangu? Ningeweza kumuuliza siku yoyote, tukiwa wawili tu kwenye pipa la maji ya moto. Sikuthubutu.

Kazi yake aliianza kwa pua. Asubuhi aliingia bila kumsemesha mtu, akapita kitanda kwa kitanda, akiinama na kunusa bandeji, halafu akishika nyayo za mtoto kwa kiganja chote. Madaktari vijana waliotoka Kisangani walicheka pembeni. "Chekeni," aliwaambia. "Labo ya kupima damu imefungwa tangu vita. Pua yangu njo labo." Akinusa kitu asichokipenda alisimama hapo hapo na kuita maji ya chumvi. Akikuta tumbo la mtoto lina moto na nyayo zake ni baridi, hapo aliacha utani wote.

Alikuwa na namna yake ya kuwaeleza akina mama, na hakuibadilisha hata kwa mke wa gavana. "Moto hauui watoto wengi," alisema. "Moto unabomoa ukuta tu. Ngozi njo ukuta wa nyumba. Ukuta ukianguka, kila kitu kinaingia: nzi, vumbi, mukono wa shangazi. Vikikaa juu ya kidonda, tunaosha. Vikifika kwenye damu, vinatembea naye mwili muzima." Halafu alimalizia na lile ambalo sisi sote tulilishika kwa moyo: "Mutoto akilia, muache alie. Akinyamaza, muniite."

Ni vigumu kumfanya mama aliyekesha siku nne aamini kwamba ukimya ni habari mbaya. Nakumbuka mama mmoja wa Pangi, mtoto wake alikuwa ameangukia mafuta ya mawese yaliyokuwa yanachemka. Asubuhi moja alitoka nje anang'aa, akatuambia, "Leo ametulia, Mungu mukubwa, hata chakula hataki, analala tu." Mama wa Vidonda alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikiacha kikaanguka, akakimbia na viatu vyake vya plastiki, na mama wa watu akabaki anashangaa amekosea wapi. Mtoto yule alichomwa sindano mchana na usiku kwa siku kumi. Leo anaendesha pikipiki ya abiria pale Mikelenge, ana kovu shingoni na maneno mengi kupita kiasi. Kila akinipita ananipigia honi.

Watu wa dini hakuwaogopa. Siku moja mchungaji alikuja kuwawekea watoto mikono, siku hiyo hiyo shehe naye alikuwa amekuja kumwombea mjukuu wake. Akawasimamisha wote wawili mbele ya beseni. Shehe alinawa bila neno, kwani yeye na maji ni marafiki wa siku zote. Mchungaji akasema mikono yake imekwisha kuombewa. "Vizuri sana," alimjibu. "Basi omba na juu ya sabuni, halafu uitumie. Maombi sikatazi. Nakataza kucha." Mchungaji alinawa mpaka viwiko. Baadaye kanisani alitoa mahubiri marefu kuhusu wanawake wenye kiburi, na wagonjwa wake wakaendelea kuletwa kwetu.

Wakati mji umezingirwa, treni hailii na mashamba hayafikiki, askari mmoja alileta binti yake aliyeungua miguu. Alitaka kuingia na bunduki yake begani. Sisi akina mama tulijikunja kwenye kuta. Mama wa Vidonda aliitazama ile bunduki kuanzia kitako mpaka mdomo. "Hii ibaki inje, baba. Hii haijanawa." Yule askari hakujua acheke au akasirike. Mwishoni aliiegemeza mlangoni, akanawa, na kwa wiki tatu alimletea mayai kutoka alikoyajua yeye. Mama wa Vidonda hakuuliza yametoka wapi. Kila mtoto wa banda lile alikula yai lake siku zile, na mji mzima ulikuwa unashindia majani ya mihogo bila chumvi.

Msifikiri alikuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mbaya. Aliwaita akina mama wavivu, wachafu, vichwa vya mbuzi, kisha akawapa chakula chake. Na huyu bibi wa sabuni, nyumba yake ilikuwa aibu. Mara ya kwanza niliyokwenda kwake nilikuta sufuria za juzi ziko chini ya kitanda na kuku wamelala juu ya kanzu yake ya kazi. Nilipoanza kuziosha alinifokea: "Acha! Usafi wangu naumaliza kule." Tumbako ya kunusa hakuiacha, na alipiga chafya za kutisha, lakini ndani ya banda hakunusa hata siku moja. Alikuwa anaimba vibaya. Watoto walimwomba aimbe kwa sababu ya ubaya wenyewe.

Jambo moja lilinitatiza. Hapa kwetu mgonjwa asiyetundikiwa serumu, watu husema hajatibiwa. Ndugu wanaweza kuvuka mto Lualaba kuja kuitazama ile chupa inavyodondosha maji, wakarudi nyumbani wameridhika. Mama wa Vidonda, miaka ya baada ya vita, aliichukia. Aliitundika pale ilipobidi, na siku hiyo hiyo alichora mstari wa chaki kwenye ubao wa kitanda. Kesho yake wa pili. Mstari wa tatu ukichorwa, aliichomoa sindano, hata familia ilie, hata baba mtu atishie kwenda kwa mkuu wa mkoa. "Kila tundu ni mulango," alisema. "Nimefunga mulango." Mara moja mjomba wa mtoto alimshika mkono asiichomoe. Alimpiga kofi. Nilidhani ukali ule ameupata kwenye semina, au ni uzee tu.

Sasa nimfikie Feza.

Baba yake alikuwa amekwenda Kalima kuchimba madini, vita vikafunga barabara, tukabaki mimi, mtoto na mama mkwe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Feza alivuta kitambaa kilichokuwa chini ya sufuria ya sombe, majani ya mihogo yaliyokuwa yanachemka, ikammwagikia mgongoni na begani. Nilimbeba mbio mpaka hospitali, na Mama wa Vidonda alipomwona alisema, "Huyu atalia sana, vizuri." Hakukuwa na bandeji. Tulichana mashuka, tukayachemsha kwenye pipa, tukayaanika kwenye kamba. Akamwekea serumu mguuni kwa sindano ndogo, maana mishipa ya mikono haikuonekana. Siku mbili za kwanza Feza alilia kama alivyotakiwa. Alimwita Mama wa Vidonda "Bibi mubaya," na yule bibi alifurahi.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja na kikopo. Ndani mlikuwa na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na mawese, dawa ya moto ya kwao, iliyomponya mume wangu alipokuwa mdogo. "Hawa wanaosha tu na maji," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kidonda kinataka dawa. Mutoto akikufa, utamuambia nini baba yake?" Mama wa Vidonda alikuwa ameitwa kwenye mkutano. Nilifungua bandeji, nikapaka, nikafunga tena jinsi nilivyomwona akifunga. Mikono yangu sikuinawa. Nilikuwa na haraka.

Kesho yake alifungua bandeji na kukuta ule weusi. Alinitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Alitaka maji ya chumvi, akaosha kwa muda mrefu sana, Feza akipiga kelele, na hakunena neno. Siku ya tano Feza alinyamaza. Tumbo lilijaa, pumzi ikawa ya mbio, nyayo zikawa baridi. Mchana nilitumwa mtoni kuchota maji, kwa sababu bomba lilikuwa limekufa na zamu ya kuchota ilikuwa yangu. Niliporudi walikuwa wamekwisha kumfunika.

Daktari mkubwa alikuja kuuliza mbele yangu: kidonda kilikuwaje? Mama wa Vidonda alijibu, "Kidonda kilikuwa safi, Docteur." Nilimtazama usoni. Amenificha, nilijiambia. Ameona nilichokifanya na amenificha.

Baada ya arobaini nilirudi hospitali. Sikujua nimefuata nini. Labda nilitaka anitukane. Alikuwa anachochea kuni chini ya pipa. "Umekuja?" alisema. "Tia maji." Nikatia maji, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Mume wangu alirudi, tukazaa wengine, baadaye akaenda zake kuoa Kalima. Watu walianza kuniita Mama Amisi kwa mtoto aliyefuata, kwa sababu kwetu hawapendi kumwita mtu kwa jina la marehemu. Yeye peke yake aliendelea kuniita Mama Feza, kila siku, mbele ya watu, kwa sauti yake ile ya kuamrisha. Wengine waliona hana adabu. Mimi nilikuwa nakwenda kazini kwa ajili ya kulisikia jina lile.

Alipostaafu hakuaga. Mpwa wake alimchukua ng'ambo ya mto, Alunguli, na banda likapata wauguzi vijana wenye glavu na adabu. Mambo mengi yamekuwa mazuri. Siku hizi mtoto akipata homa wanachota damu yake, wanaitia kwenye kichupa, na baada ya siku kadhaa karatasi inasema ni kidudu gani na kinakubali dawa gani. Mara nyingine inasema hakikubali hata moja kati ya zile tulizo nazo. Mara ya kwanza kukiona kile kichupa nilikwenda nyuma ya banda nikalia. Jibu nililolitaka linapatikana kumbe, ila mimi nilizaa mapema mno.

Mwaka huu niliambiwa sukari imemla macho na hatoki nyumbani. Nikavuka.

Nilimkuta kwenye kiti kirefu barazani, mwembamba, tumbako iko mapajani. Nilipanda ngazi bila kusema kitu.

"Hizo hatua ni za Mama Feza," alisema. "Umenenepa."

Nikampa mkono, nikiugusisha kwenye wake. Alisita kidogo, halafu akaupokea, na ilikuwa mara ya kwanza. Tuliongea juu ya magoti, juu ya bei ya mchele, juu ya yule kijana wa pikipiki. Nilikuwa nimepanga nimuulize taratibu. Ikatoka yenyewe.

"Mama, ile siku uliona majivu. Ukanyamaza. Njo mimi nilimuua mutoto wangu?"

"Umebeba hiyo tangu vita?"

"Tangu vita."

"Na ulikuwa unafua bandeji zangu, na hiyo iko ndani?"

"Ningeipeleka wapi, Mama?"

Alifunga kikopo cha tumbako, akakifungua tena. "Majivu niliona. Niliosha. Haikuwa kitu kizuri, sitakudanganya sababu umevuka mto. Lakini unakumbuka muguu wake? Ile sindano ya serumu?"

"Nakumbuka."

"Ilikuwa moja tu. Ndege haikuwa inakuja. Na mishipa yake midogo, nilijua nikiitoa sitapata ingine. Wewe na mama mukwe mulikuwa munaniomba nisiitoe. Siku ya tatu niliona muguu unaanza kuwa mwekundu. Nikasema, kesho. Siku ya ine nikasema, kesho. Siku ya tano niliitoa, usaha ukatoka nayo. Wewe ulikuwa umekwenda maji."

Nilitazama mikono yake. Nikaiona akilini ile mistari ya chaki, mitatu mitatu, vitanda vyote, miaka yote.

"Docteur aliuliza kidonda tu," aliendelea. "Nikasema safi. Kama ningesema majivu, angefunua mutoto aone, na angefika mpaka kwa muguu. Wewe ukafikiri nimekuficha. Niliona vile ulikuwa unanitazama, sawa na muntu ameokolewa. Nilikuwa najificha mimi. Nikakuacha unishukuru miaka yote. Hiyo njo zambi yangu, Mama Feza. Sindano ilikuwa ni vita. Hii ya kujificha ilikuwa ni mimi."

"Basi njo sindano?"

"Sijue. Inaweza kuwa majivu. Inaweza kuwa sindano. Inaweza kuwa yale maji ya mto. Hakukuwa namna ya kuuliza damu. Ningejua, ningekuambia hata kwa barua."

Niliinuka. Nilikasirika mpaka masikio yakawa yanavuma. Miaka kumi na sita nimempikia, nimemsugulia mapipa, nimemtetea kwa kila aliyemsema, nikilipia wema ambao haukuwa wema. Nilitoka bila kuaga, nikashuka mpaka gatini, nikaukuta mtumbwi wa injini unajaza abiria. Mwenye mtumbwi akaniambia, "Panda, mama, tunamalizia."

Nilikuwa nimekwisha kuweka mguu mmoja ndani. Nikafikiri: nikivuka, nitamwambia nani? Mama mkwe alikufa. Baba mtu hakumwona akiumwa. Wadogo zake hawakumjua, na picha hatukupiga. Duniani kote, mtu mwingine anayeukumbuka mguu wa Feza ni mmoja tu, na yuko pale juu barazani, na haoni.

Nikarudi. Alikuwa analia bila sauti, na alipozisikia hatua zangu hakujifuta.

"Nimekuja kuuliza lingine," nilisema. "Mimi nilikuwa mtoni. Niambie alivyokuwa."

"Yote?"

"Yote."

"Hakulia," alisema. "Nilikuwa nimemubeba. Alinishika hiki kidole. Akasema, mama. Nikamuambia, mama amekwenda maji, anakuja. Akasema tena, mama. Nikamuambia, anakuja."

Huko chini mwenye mtumbwi alikuwa anaita abiria wa mwisho. Nilivuta kiti karibu yake, nikamwambia aendelee.